Onyo Langu Alilichukua Kicheko

Siku Kicheko alipoleta C nyumbani, mama yangu alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza kama kuna posa. C, jamani! Sisemi A, wala B. C tano zimepangana kama viatu mlangoni, na moja kati ya hizo ilikuwa na alama ya kutoa pembeni. Baba alizima redio. Mama aliacha cherehani, na sare ya shule aliyokuwa akiishona ikabaki na mkono mmoja, akamkumbatia Kicheko, akalia, akacheka, akalia tena. Mimi nilikuwa jikoni nasugua sufuria. Matokeo yangu, A tupu, yalikuwa juu ya friji, yamekandamizwa na chupa ya mafuta.

"Na wewe hongera, Profesa," baba akaniambia alipokuja kuchukua maji. Akachukua maji, akaenda zake.

Nikaisugua ile sufuria kwa wivu. Sioni sababu ya kuficha. Wapo watu wana wivu halafu wanajidai eti kichwa kinawauma. Mimi nikiwa na wivu ninasema nina wivu.

Kicheko ni binti wa mama mdogo. Mama mdogo alipopata kazi ya mbali alimleta kwetu, meno ya mbele bado hayajaota, na hajaondoka mpaka leo. Tukaanza shule siku moja, ingawa mimi ni mkubwa, kwa sababu mama hakutaka kusumbuka na walimu mara mbili. Jina la Kicheko alipewa na baba. Mtoto alianguka ngazini, akapasuka goti, akacheka. Nani asingempenda mtoto wa namna hiyo? Mimi jina la Profesa nilipewa kwa sababu nilimsahihisha mwalimu wa darasa la pili mbele ya wazazi. Hapo unaona mwenyewe nani alikuwa na kazi rahisi.

Na kila tulipogombana, hukumu ilikuwa moja. "Wewe mkubwa, mwachie mwenzio." Mwachie mwenzio! Nimemwachia mwanasesere, nimemwachia kitanda cha chini karibu na dirisha, nimemwachia paja la kuku mpaka nikasahau ladha yake. Kitu kimoja tu sikumwachia: darasani nilikuwa mbele yake. Hicho kilikuwa changu.

Chuo tulichukuliwa wote wawili, na wote wawili kwa ufadhili. Bila ufadhili, mimi ningekuwa nashona mikono ya sare pale barazani na mama, na mama mwenyewe aliwahi kusema mishono yangu inakwenda kombo. Baba ni fundi umeme wa kuitwa na kuahidiwa malipo. Kwa hiyo ufadhili ulikuwa ndio chuo chenyewe. Ukienda, na wewe unakwenda.

Sasa ufadhili wa chuo chetu una masharti, na wanayabandika ukutani kila jengo. La kwanza, wastani wako usishuke chini ya mbili, ambapo kilele ni nne. Lipo la pili na lipo la tatu, ila hayo sikuyasoma. Kwangu yalikuwa masharti ya watu wanaofeli, na mimi sikuwa mtu wa kufeli. Ukishuka, muhula wa kwanza unapewa onyo. Usipopanda, muhula unaofuata ufadhili unasimamishwa, na hapo unabaki kupiga magoti mbele ya kamati ya rufaa.

Kicheko alipita njia yote hiyo. Mwaka wa kwanza alianguka Fizikia, akaanguka Kemia, akapewa onyo, akaanguka tena, ufadhili ukasimama. Akakata rufaa. Kamati ikamsikiliza, ikamrudisha chini ya uangalizi, yaani asifeli somo hata moja, akabadilisha fani akaenda Lishe, na kuanzia hapo nyumba yetu ikawa hospitali ya mgonjwa mmoja. Mama alihamishia cherehani barazani ili mtoto asome kwa utulivu. Cherehani ile iliniungurumia masikioni miaka yote na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba na mimi nina masikio. Baba alimfungia taa mpya mezani. Wageni walikatazwa kucheka kwa sauti. "Shh, Kicheko anasoma." Na mimi je, nilikuwa nafanya nini pale, napunga upepo?

Lakini nilikuwa na dawa yangu. Pale chuoni, kabla ya wiki fulani katikati ya muhula, unaruhusiwa kujitoa katika somo. Unaingia kwenye mtandao wa chuo, unabonyeza, basi. Katika matokeo somo linaandikwa herufi J, yaani amejitoa, na J haiingii kwenye wastani. Haina pointi, haina aibu. Nilipoligundua hilo niliona mbingu zimefunguka. Jaribio likinipa sabini na tano, ninajitoa. Mwalimu akinibania alama, ninajitoa. Muhula wa kwanza nilijitoa somo moja, wa pili mawili, wa tatu matatu. Wastani wangu ukabaki nne kamili, safi, bila doa. Hizo A tupu nilizokutajia zilikuwa za masomo mawili tu, lakini nani aliuliza? Nyumbani hawakuhesabu. Walikuwa wanahesabu C za Kicheko.

Basi, ile wiki ya vigelegele haijaisha, simu ya mama ikalia. Chuo huwa kinatuma ujumbe kwa mzazi, na sisi wote wawili tulikuwa tumeandikisha nambari ya mama. Mama akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma jina la dawa: "Mzazi, mwanafunzi wako hajafikia kiwango cha maendeleo ya masomo. Hili ni onyo. Tafadhali mhimize afike ofisi ya ufadhili."

Hawakutaja jina. Mwanafunzi wako, basi. Na mama ana wanafunzi wawili, mmoja wa A tupu na mwingine wa C tano. Kuna mtu alijiuliza? Hata kidogo! Macho yote yalikwenda kwa Kicheko kama vile yamevutwa na kamba.

"Mama mkubwa, lakini si nimefaulu?" Kicheko akasema. Midomo ilikuwa inamtetemeka.

"Labda C hazitoshi, mwanangu," mama akasema. Na yeye alikuwa karibu kulia.

Kicheko akalia mpaka akapata kwikwi. Akasema kesho asubuhi atakwenda ofisini kuuliza. Hapo nikaingilia kati, mimi na mdomo wangu. Nikamwambia, "Uende ukajichongee? Ukionekana pale watafukua na ya mwaka jana. Kaa kimya, soma, wakusahau." Nilisema kwa upole kabisa, kama dada. Na rohoni, nisikufiche, nilikuwa nakula sikukuu. Vigelegele viliishia hapo hapo. Usiku ule mimi ndiye niliyepewa paja la kuku.

Kicheko akatia bidii ya kutisha. Alfajiri nikiamka namkuta yuko mezani, shuka mabegani, midomo inacheza. Akakonda. Mama akawa anamletea maziwa na kumtazama anavyokunywa.

Muhula uliofuata tukawa darasa moja kwa mara ya kwanza tangu ahame fani, kwa sababu Takwimu ni somo la lazima kwa chuo kizima, usipolifaulu huhitimu. Mwalimu wa Takwimu ana tabia ya kubandika alama mlangoni. Nikafika siku ya jaribio la kwanza, nikapenya katikati ya watu, nikatafuta jina langu. Sitini na nane. Si vibaya sana, nikasema, jaribio lilikuwa gumu na somo ni la lazima, hili sijitoi. Halafu jicho likateleza mistari miwili chini. Kicheko, sabini na moja.

Loo! Nilihisi mtu amenimwagia maji ya moto mgongoni. Kicheko! Huyu niliyemfundisha kugawanya kwa vijiti vya kiberiti! Akanikuta pale pale mlangoni, hajaona lolote, akaniuliza, "Dada, tumepata ngapi?" Nikamwambia sijaangalia. Nikateremka ngazi, nikaenda chumba cha kompyuta, na kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimejitoa Takwimu. Nilipobonyeza nikapumua. Alama yangu ya sitini na nane ikawa haipo duniani, na kisichokuwepo hakishindwi na mtu.

Mwisho wa muhula Kicheko akapata B tatu na C mbili. Takwimu ilikuwa moja ya zile B. Mimi nikapata A nne na J yangu moja. Vigelegele, unajua vilikwenda upande gani.

Tukarudi chuoni mwaka wa tatu. Siku ya usajili nikaingiza namba yangu, kompyuta ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Kijana wa usajili akatazama kioo chake, akanitazama mimi, akasema nenda ofisi ya ufadhili. Nikaenda kwa mwendo wa maringo. Nilijua ni kosa lao, na nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuwakoromea.

Ofisi ya ufadhili ina mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kwa mnyororo, na wanafunzi wanamwita Theluthi. Sikujua kwa nini wanamwita hivyo. Nikajua.

"Ufadhili wako umesimamishwa," akasema.

"Wangu?" Nikacheka. "Mama, angalia vizuri. Wastani wangu ni nne."

"Naona. Ni wastani mzuri sana." Akavaa miwani. "Wa masomo uliyomaliza. Umejiandikisha masomo mangapi tangu uje?"

"Ishirini."

"Umemaliza mangapi?"

Nikatazama mnyororo wa miwani yake. Akanisaidia. "Kumi na matatu. Sharti la pili linasema umalize angalau theluthi mbili ya masomo uliyojiandikisha. Na ukijitoa, mwanangu, umejiandikisha. J haiharibu wastani, lakini huku inahesabika kama hukumaliza. Ungefikisha kumi na manne tusingekuwa tunazungumza."

Kumi na manne! Somo moja tu. Sihitaji kukwambia ni lipi. Takwimu, sitini na nane, ngazi zile, chumba kile cha kompyuta. Nikaketi bila kukaribishwa.

"Lakini kuna onyo," nikasema. "Lazima kwanza mtoe onyo. Hamuwezi kumsimamisha mtu hivi hivi!"

"Tulitoa. Baada ya muhula wa tatu. Liko kwenye ukurasa wako wa maendeleo, na tulimtumia mzazi ujumbe wa simu."

Unajua kitu cha kwanza nilichofikiri? Sikufikiri chuo, wala ufadhili, wala mikono ya sare. Nilifikiri: hata onyo langu amelichukua Kicheko. Onyo langu mwenyewe, lenye namba yangu, lililotumwa nyumbani kwa ajili yangu! Yeye ndiye aliyelilia, yeye ndiye aliyelinywea maziwa, yeye ndiye aliyelipandia B. Mimi nikabaki na paja la kuku.

Nyumbani niliwakuta wote mezani wanakunywa chai. Nikasema yote kwa mkupuo, maana ningevuta pumzi nisingemaliza. Mama akaweka kikombe. Baba akaniambia nirudie, nikarudia. Kisha Kicheko akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Ngoja. Kwa hiyo lile onyo lilikuwa lako?"

"Ndiyo."

"Si langu hata kidogo?"

"Nimeshasema!"

Akanitumbulia macho. Kisha kicheko kikaanza, kwanza puani, halafu mabegani, mpaka akalaza kichwa mezani anacheka hana mbavu. "Nimekonda bure! Mama mkubwa, nimekonda bure!"

"Hukukonda bure," nikamfokea. "Umepata B tatu."

Baba akageukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanacheza. Katika siku mbaya kuliko zote za maisha yangu, baba yangu alikuwa anacheka na Kicheko. Niliondoka mezani nikafunga mlango wa chumbani kwa kishindo, halafu nikakumbuka kwamba ni chumba chake pia.

Alinifuata. Akaketi kitandani kwake, chini, mimi niko juu nimegeukia ukuta.

"Dada, utakata rufaa. Hapo umefika kwangu, mimi ndiye mtaalamu. Wana maswali mawili tu. Nini kilikuzuia, na nini kimebadilika."

"Nitawaambia mama aliugua."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Naumwa nini mimi? Usinichurie!"

"Na wanataka cheti cha daktari," Kicheko akasema. "Waambie ukweli. Mimi niliwaambia."

Nikageuka. Mwaka mzima sikuwahi kumuuliza. "Uliwaambia nini?"

Akavuta uzi wa shuka. "Kwamba nilichukua masomo yasiyokuwa yangu. Fizikia siijui wala siipendi. Nilijaza vile kwa sababu wewe ulijaza vile. Nilitaka tukae dawati moja."

Mtu mwingine hapo angeteremka akamkumbatia mwenzake. Mimi damu ilinichemka. "Kwa hiyo kwenye kamati uliwaambia mimi ndiye niliyekufelisha?"

"Sikusema hivyo."

"Ndivyo ulivyosema!"

"Dada, mimi nilifeli kwa kukufuata. Sasa niambie, wewe Takwimu ulijitoa kwa nini?"

Alijua. Niliona kwa jinsi alivyonyanyuka na kutoka, bila kucheka, kwamba alikuwa amejua tangu siku ile ya mlangoni. Akasema tu kwamba nikitaka anifundishe Takwimu, yupo. Nikamwambia kabla sijafundishwa Takwimu na yeye nitakwenda kushona.

Kamati ilikaa asubuhi, katika chumba chenye meza ndefu na feni inayolalamika. Walikuwa watatu: mkuu wa kitivo, ambaye ni mzee mwenye kipara na kikohozi, mama Theluthi na miwani yake, na mshauri wa wanafunzi, kijana aliyevaa tai fupi. Mkuu akafungua jalada langu, akapandisha nyusi. Nadhani hakuwa amezoea kuona A kwenye chumba kile.

"Nini kilikuzuia kumaliza masomo haya saba?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno. Maumivu ya kichwa, nilipanga kusema, yasiyotaka daktari. Nikafungua mdomo, nikamwona mama Theluthi ananitazama juu ya miwani kama vile maneno hayo ameshayasikia yote na anajua yanapoishia.

"Wivu," nikasema.

Mkuu akakohoa. "Ugonjwa?"

"Wivu, mzee. Kijicho. Nilikuwa najitoa kila nilipoona sitakuwa wa kwanza. Na lile la mwisho nilijitoa kwa sababu mdogo wangu alinizidi alama tatu."

Kijana wa tai akainamisha uso akawa anaandika kitu ambacho nina hakika hakikuwa chochote. Mkuu hakucheka. "Na nini kimebadilika?"

Hapo ndipo pa kusema nimetubu, nimekua, sasa nampenda kila mtu. Nikajaribu. Hayakutoka.

"Hakuna," nikasema. "Wivu bado ninao. Hata hapa ninao, maana najua yeye mlimrudisha. Ila sasa nimesoma sharti la pili."

Mkuu akawatazama wenzake. "Mwaka huu," akasema, "nimezika mabibi wa wanafunzi wengi sana katika chumba hiki. Huyu angalau hajaua mtu." Nikaambiwa nisubiri nje.

Walinirudisha. Uangalizi, muhula mmoja. Masomo matano, Takwimu ikiwemo, kila moja C au zaidi, na marufuku kujitoa hata moja. Nikijitoa, ufadhili umekwisha na rufaa nyingine hakuna. Mama Theluthi alinisomea hilo la kujitoa mara mbili, polepole, kidole kikiwa juu ya mstari.

Nyumbani wakaanza kunitunza. Cherehani, iliyokuwa imerudi ndani, ikahamia tena barazani kwa ajili yangu. Maziwa yakaja. "Shh, Profesa anasoma." Nilikuwa nimeutamani upole huo tangu utotoni, na ulipofika ukaninyong'onyesha, kwa sababu ulikuwa mtumba. Kila kitu kilikuwa kimeshavaliwa na Kicheko, hata ile namna ya mama ya kushika mlango ili usilie.

Kisha likaja jaribio la Takwimu. Nilisoma peke yangu, kwa kiburi, na kitabu kilinitazama tu. Mwalimu akabandika alama mlangoni. Hamsini na nane. Mbele yangu lilikuwepo darasa zima la watoto wa mwaka wa pili, na mmoja alikuwa anasema kwa sauti kwamba jaribio lilikuwa la mteremko.

Siku ile ile ilikuwa ya mwisho ya kujitoa. Nafasi hiyo ilikuwa inafungwa saa kumi alasiri. Miguu yangu ilijua njia. Sikuituma, ikanipeleka chumba cha kompyuta. Nikaingiza namba, nikafungua ukurasa, nikaliona neno lile: Jitoe. Nikaweka kidole. Nikajiambia hamsini na nane inaelekea wapi kama si kwenye D? Na D pia inaua uangalizi. Heri nife nikiwa na wastani wa nne kuliko nife nikiwa na D. Waone kwamba niliondoka nikiwa safi.

Halafu nikamwona Kicheko. Nilimwona siku ya kuhitimu, amevaa joho, mama na baba kila upande, mama anapiga vigelegele, mpiga picha anawaambia sogeeni. Na mimi niko pembeni nimeshika mikoba yao. Kicheko anatazama huku na huku kunitafuta, ananiita, "Dada, njoo na wewe kwenye picha," na mimi ninasogea na gauni langu la kushona mwenyewe, mishono inakwenda kombo. Thubutu! Nikasikia joto limepanda mpaka kwenye masikio. Nimwachie na joho? Nimwachie na picha? Nimemwachia kila kitu humu duniani, na chuo pia nimwachie?

Nikatoa kidole. Sikufunga hata ukurasa. Nilikaa nikiutazama mpaka saa kumi ilipopita na neno lile likafifia. Sikuwa jasiri, wala sikuwa nimebadilika. Ulikuwa ni wivu ule ule, safari hii umenishika mkono.

Nilifika nyumbani Kicheko yuko mezani na vitabu vyake vya Lishe. Baba na mama walikuwa nje. Akaniangalia usoni, akakadiria hali ya hewa.

"Umepata ngapi?"

Tangu tujue kuhesabu, sikuwahi kumtajia namba iliyo chini ya themanini. Nilikuwa nasema sijaangalia, au bado hazijatoka, au nakuwa na usingizi. Ulimi ulikuwa mzito kama nimeumwa na nyuki.

"Hamsini na nane."

Nilimsubiri acheke. Niliomba acheke, nipate sababu ya kufunga mlango kwa kishindo. Alikuja tu akasimama nyuma yangu, akasoma karatasi yangu ya jaribio begani kwangu, pumzi zake zinanigusa shingo.

"Swali la ngapi lilianza kukushinda?"

"La tatu," nikasema. Kisha nikasema, "La pili."

Akasogeza vitabu vyake pembeni, akapiga mstari katikati ya karatasi nyeupe, akaandika swali la pili kwa mwandiko wake mbaya. Nilimchukia jinsi alivyokuwa analijua. Nikavuta kiti nikakaa karibu naye, nikamwambia aende polepole.